Kilo za Doto kwenye faili la Kulwa: kosa langu mimi fundi cherehani lilivyotaka kumwekea mdogo wangu valvu ndogo ya moyo

Wakuu, wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Mimi humu ni msomaji tu. Nasoma nyuzi za watu, nacheka, napita. Leo nimekuja na wa kwangu kwa sababu mhusika mwenyewe ameniambia niuandike, na amenionya nisijipendelee.

Hii siyo chai, siyo stori ya kutunga. Kila nitakachosema nilikuwepo, na sehemu kubwa ya kosa ni langu. Majina ya hospitali na madaktari nimeyaacha kwa makusudi, kwa hiyo msije PM kuniuliza.

Twende kazi.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanza, kibanda changu kipo Mirongo. Nashona nguo za kina mama, miaka ishirini sasa na ushee. Sijisifu, ila ukikatiza tu mbele ya kibanda changu naweza kukutajia kiuno chako kabla hujanisalimia, na nikikosea sana ni nusu inchi.

Hilo la kujiamini mlikumbuke, maana ndilo litakaloniumbua huko mbele.

Nina wadogo zangu wawili wa kike, mapacha. Sisi Wasukuma kwenye majina ya mapacha hatuumizi kichwa, aliyetangulia ni Kulwa, aliyefuata ni Doto, kazi imeisha. Hawa wamefanana mpaka marehemu mzee alikuwa akimtaka mmoja anaita majina yote mawili, atakayekuja ndiye huyohuyo.

Nyumbani kwetu vitu vya mapacha ni viwili viwili. Kulwa akinunuliwa viatu, na Doto anunuliwe. Bi mkubwa, mama yetu, mpaka leo anaamini ukimpa mmoja ukamnyima mwenzake unatafuta balaa.

Na kwenye nguo ni hivyohivyo. Tangu nimeanza kushika mkasi, hawa wawili nilikuwa nampima mmoja tu, yule atakayepatikana. Mara nyingi anapatikana Doto, anakaa Butimba na anafanya biashara ya dagaa, kwa hiyo kila siku yupo mjini. Nampima Doto, nakata nguo mbili, zinawakaa wote. Kwenye daftari langu la vipimo kuna ukurasa mmoja umeandikwa MAPACHA, basi.

Sasa tuje kwa Kulwa.

Kulwa anakaa Mabatini, juu kabisa kwenye mawe. Wenyeji mnapajua. Wageni, elewa tu kwamba kule nyumba imejengwa juu ya jiwe, na jiwe lenyewe lipo juu ya jiwe lingine, na kufika kwako ni ngazi, tena nyingine siyo ngazi, ni mwamba tu ambao watu wameuzoea.

Hapo ndipo ugonjwa ulipojitokeza. Mwanzo akawa anapumzika mara moja njiani. Baadaye mara mbili. Ikafika mahali anatumia muda mrefu kupumzika kuliko kupanda. Ana miaka thelathini na minne, ana watoto wawili, na alikuwa anapitwa na vibibi.

Wengine walisema pumu. Wengine wakasema vidonda vya tumbo. Shangazi yetu mmoja akasema hawa mapacha kuna mambo ya mila hawajafanyiwa. Siku moja akaanguka kwenye ngazi na ndoo ya maji kichwani, akazimia kabisa. Hapo mjadala ukafungwa, tukaenda hospitali.

Akapigwa echo, kile kipimo cha kuangalia moyo kwenye kioo. Wakatuambia mlango mmoja wa moyo, ule mkubwa unaotoa damu kwenda mwilini, umekakamaa. Badala ya kufunguka wote unafunguka kama dirisha lenye kutu. Walisema huenda ni maumivu ya koo ya utotoni ambayo hayakutibiwa vizuri, yakaja kuharibu moyo taratibu. Dawa zitamsaidia kupumua, ila dawa haziwezi kuufungua mlango. Ni lazima utolewe, iwekwe valvu ya bandia.

Sasa kosa lilifanyika siku ile ya kwanza kufunguliwa faili.

Kulwa alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, amechoka, akisimama tu anapata kizunguzungu. Foleni ilikuwa ndefu. Faili lilitaka uzito na urefu. Sista akajaribu kumsimamisha kwenye mizani, Kulwa akayumba, tukamdaka.

Sista akasema, "Basi tutampima akipata nafuu, niache wazi hapa."

Mimi nani nikubali pawe wazi? Nikasema, "Sista, mpime huyu pacha wake. Wanalingana hawa, mimi ndiye fundi wao. Huwa nampima mmoja nashona mbili."

Sista akamwangalia Doto, akamwangalia Kulwa, akaniangalia mimi. Kwa kweli siku ile walikuwa wamelingana kwa macho. Doto ni mwembamba wa kukimbizana na magunia ya dagaa, Kulwa alikuwa amekondeshwa na ugonjwa. Yule dada alisita. Ni mimi niliyemshawishi, wala asilaumiwe mtu. Doto akavua kandambili, akapanda.

Kilo 49. Urefu sentimita 164.

Ikaandikwa kwenye faili la Kulwa kwa kalamu ya bluu, nikajiona nimesaidia taifa.

Ikapita miezi tisa ya kusubiri upasuaji. Akawekwa kwenye dawa, kliniki hakuna aliyempandisha tena kwenye mizani, akakatazwa kupanda Mabatini, akahamia kwangu na wanawe. Bi mkubwa akaja kutoka Sengerema kupitia Kigongo, na ndoo ya maziwa ya mgando, akiwa na nia moja tu, mwanawe anenepe.

Na alinenepa. Dawa zilimpa nafuu, kazi hafanyi, ugali na sato mezani kila siku. Mimi mwenyewe nilimfumulia gauni mara mbili. Mnaoshona mnajua, kwenye mshono tunaacha akiba ndani, mtu akiongezeka unafumua unaachia. Mara ya pili akiba ikaisha, nikalazimika kuweka kipande ubavuni.

Nilifanya kazi hiyo kwa mikono yangu, na hata sikukumbuka kwamba kuna faili mahali linasema 49. Kwangu ile ilikuwa karatasi tu ya kupita getini.

Basi zamu yake ikafika. Lilikuja jopo la wataalamu kwa siku chache, wagonjwa wamepangwa, nafasi zinahesabika. Kulwa akalazwa. Wodini wakampima, safari hii alisimama mwenyewe.

Kilo 67.

Siku iliyofuata tukaitwa ndugu kuonana na daktari wa upasuaji. Mama wa makamo, Mhaya, mpole, anaongea taratibu. Na niwaambie, tulikaa naye karibu saa nzima na hakutaja hata mara moja amesoma chuo gani, kwa hiyo watani zangu wa Bukoba leo nawapa maua yenu.

Mezani alikuwa na vitu vya plastiki vyenye mpini, kichwani vina duara, kila kimoja kimepita kingine kidogo. Mimi vikanivutia mara moja. Ni vipimo. Ukiwa ndani ya moyo, akasema, unavipitisha kimoja kimoja kwenye tundu pale mlango ulipotolewa, mpaka upate kinachokaa bila kulegea na bila kulazimisha.

Halafu akasema maneno ambayo mpaka leo nikishika futi ya kupimia nayakumbuka. "Ila tundu peke yake halitoshi. Valvu inaangalia vitu viwili. Inakaa wapi, na inalisha mwili wa ukubwa gani. Mwili mkubwa ukiuwekea valvu ndogo, moyo utaendelea kusukuma kwa shida kama zamani. Mgonjwa akikaa hataona tofauti. Akipanda ngazi ataiona."

Aliposema ngazi, mimi na Doto tukatazamana.

Akafungua faili. "Kwa bahati mbaya tundu lake ni dogo. Kipimo kinaonyesha kama namba kumi na tisa. Lakini na yeye mwenyewe ana umbo dogo. Uzito wake ni kama hamsini, mmeona hapa, arobaini na tisa. Sasa hivi anasoma sitini na saba kwa sababu moyo umezidiwa, amejaa maji, hata miguu imevimba. Tutampa dawa ya kuyatoa. Kumi na tisa itamtosha."

Wakuu, hesabu nikaipata palepale.

Kilo kumi na nane za mdogo wangu, nyama na mafuta aliyolishwa na mama yake kwa miezi tisa, zilikuwa zinaitwa maji. Na walikuwa na haki kabisa kuziita hivyo. Karatasi ilisema mtu huyu ni 49. Nani angejua kwamba aliyepanda kwenye mizani ni mwingine?

Na nisiwafiche, sikumsahihisha. Niliitikia kwa kichwa kama nimeelewa, nikasema asante dokta, nikatoka.

Nje nikawaambia Bi mkubwa na Doto kwamba ile 49 inabidi tuiseme. Bi mkubwa akanishika mkono kwa nguvu.

"Funga mdomo wako. Watu wanagombania hizi nafasi. Wakisikia tuliwadanganya watampa mwingine, mwanangu afe nyumbani?"

"Mama, wanaweza kumwekea isiyomtosha."

"Wewe ni daktari tangu lini? Si amesema inatosha?"

Bi mkubwa hakuwa mjinga, naomba mnielewe. Alikuwa ameshazika mume na mtoto mmoja, na alikuwa ameona mlango umefunguliwa. Hakutaka mtu aufunge tena.

Mimi nikawa najijibu moyoni, labda ni maji kweli. Labda daktari anaona nisichokiona. Fundi cherehani na moyo wapi na wapi. Nikatafuta kila sababu ya kukaa kimya, na nilizipata nyingi.

Doto ndiye aliyenikata. Alikuwa amekaa kwenye benchi, akasema, "Kaka, zile kilo ni zangu. Siku ile Kulwa hakupimwa."

Nikarudi ndani.

Daktari alikuwa anajiandaa kutoka. Nikamwambia, "Dokta, samahani. Ile arobaini na tisa siyo ya mgonjwa. Ni ya huyu pacha wake. Siku ile mgonjwa hakuweza kusimama, nikamwambia sista ampime mwenzake. Kosa ni langu."

Kulikuwa na sista wa wodi pembeni, akaweka chini alichokuwa ameshika. Akasema, "Kaka, unajua unachosema? Dawa za usingizi zinakwenda kwa kilo!"

"Najua sasa, sista."

Daktari hakupandisha sauti. Akaniuliza, "Kwa hiyo kabla ya kuvimba alikuwa na kilo ngapi?"

"Hatujui, dokta. Lakini siyo maji yale. Yapo, ila siyo kumi na nane."

"Umejuaje?"

Hapa ndipo ufundi uliponirudia. Nikasema, "Mimi namshonea. Nimemfumulia gauni mara mbili. Kiunoni, mikononi na mabegani. Miguu kuvimba nimeiona, lakini maji hayapandi mabegani, dokta. Bega likibana, huyo mtu ameongezeka."

Akafunga faili. Halafu akacheka kidogo, siyo cheko la dharau. Akasema, "Twende tukamwone."

Akamshika Kulwa mikono, mabega, akambonyeza miguuni, akambonyeza tumboni. Akaagiza apewe dawa ile ya kukojoa hata hivyo, na apimwe tena kila siku. Akaagiza pia urefu upimwe upya, na safari hii asimame Kulwa mwenyewe. Zamu yake ikasogezwa mbele kwa siku mbili. Nafasi haikuchukuliwa na mtu, wagonjwa wengine walitangulizwa tu, lakini kwa siku hizo mbili Bi mkubwa hakunisemesha.

Dawa ikafanya kazi yake. Alikojoa mpaka akachoka njia ya chooni. Miguu ikarudi.

Mizani ikasema 65.

Maji yalikuwa kilo mbili. Nyingine zote zilikuwa Kulwa.

Tukaitwa tena, kando ya kitanda cha Kulwa. Daktari akapiga hesabu yake ya urefu na uzito, akasema, "Kwa mwili huu kumi na tisa ni ndogo. Angepona kidonda, angeenda nyumbani, halafu baada ya muda angerudi analalamika kuchoka na tungeanza kujiuliza kwa nini."

Sasa wakuu, mngefikiri hapo mambo yamenyooka. Hapana. Tundu lake lilikuwa bado dogo vilevile. Valvu kubwa haiwezi kuingia kwenye tundu dogo eti kwa sababu fundi ameungama.

Akatueleza kwamba ipo njia. Wanapasua ukingo wa lile tundu, wanaongeza kiraka, tundu linapanuka, ndipo inaingia namba kubwa zaidi, ishirini na moja. Kiraka chenyewe ni ile ngozi laini inayozunguka moyo wa ng'ombe, imeandaliwa maalumu.

Mimi hapo sikuhitaji mkalimani. Hicho ni kipande cha ubavuni. Akiba imeisha, unapasua mshono, unaongeza kitambaa, nguo inakaa. Nimekifanya maisha yangu yote, tena kwenye gauni la huyuhuyu.

Lakini gauni halitoki damu. Daktari alisema wazi, kuongeza kiraka ni kuongeza muda ambao moyo umesimamishwa huku mashine ikifanya kazi yake. Mshono ni mwingi zaidi, na kila mshono unaweza kuvuja. Hatari inapanda. Siyo sana, lakini inapanda, na lazima tukubali kwa saini upya.

Bi mkubwa akanigeukia. Ni mara ya kwanza kunisemesha baada ya siku mbili. "Umeona sasa? Ungenyamaza angepasuliwa kidogo."

Mpaka leo hilo neno likinijia naacha kushona.

Aliyejibu ni Kulwa mwenyewe. Tulikuwa tunajadili juu ya kichwa chake kama vile hayupo. Akauliza, "Dokta, hiyo ndogo ukiniweka, nitafika kwangu Mabatini?"

"Utafika. Kwa kupumzika."

"Kama zamani?"

"Si kama zamani. Lakini utapumzika."

"Na hiyo kubwa?"

"Ikikaa vizuri, utapanda."

Kulwa akasema, "Nipeni kalamu."

Akasaini mwenyewe. Sisi wengine tukawa mashahidi.

Siku ya upasuaji walimchukua asubuhi. Tukakaa nje kwenye benchi, mimi, Doto na Bi mkubwa na rozari yake. Doto alikuwa amekumbatia kifua chake tangu asubuhi. Shangazi angesema ni mapacha. Mimi nasema ni uoga, hata mimi nilikuwa na wangu.

Mgonjwa aliyepelekwa baada ya Kulwa kwenye chumba cha pili akatoka. Kulwa bado. Chakula cha mchana kikapita. Bado. Kila saa iliyoongezeka nilijua ni ya kwangu. Mtu mwingine akisubiri anaomba Mungu tu, mimi nilikuwa naomba huku najihesabia. Dakika hizi ni za kiraka. Kiraka ni cha mdomo wangu.

Jioni jua likiwa bado lipo, daktari akatoka. Amevua kofia, nywele zimelala. Akanitafuta mimi kwa macho.

"Fundi. Ishirini na moja imekaa."

Doto akalia. Bi mkubwa akauliza swali moja tu, ng'ombe mwenyewe alikuwa wa wapi. Daktari akasema hajui, labda wa nje huko. Bi mkubwa akaguna. Msukuma bwana, hata moyoni anataka kujua ng'ombe ametoka zizi la nani.

Haikuishia hapo. Alivuja kidogo, wakamwongezea damu, akakaa kwenye mashine ya kupumulia siku moja zaidi ya tulivyoambiwa. Siku hiyo sitaielezea. Nilikaa ICU dirishani nikamwangalia, na nilimwambia Mungu kwamba kama ni lazima mtu alipie huu mdomo, nipo.

Kesho yake wakamtoa mpira wa kupumulia. Sauti ilikuwa imekauka. Tukaruhusiwa kuingia mmoja mmoja, Bi mkubwa akatangulia, mimi nikasimama mlangoni.

Nikamsikia Kulwa anasema, "Mama, nani ameacha saa yake hapa? Inanipigia kelele."

Hakukuwa na saa. Ilikuwa ni valvu. Ni ya chuma na inalia, tk, tk, tk, ukisogea karibu chumba kikiwa kimya unaisikia. Bi mkubwa akainama akaweka sikio kifuani kwa binti yake, akakaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka akaniita.

"Njoo usikie kazi yako."

Wakuu, mimi ni mtu mzima na mvi zimeanza. Nililia pale mbele ya masista kama nimepigwa fimbo.

Leo ni mwezi wa saba tangu hapo. Kulwa anameza dawa ya kuzuia damu kuganda, ni ya maisha, na kila baada ya muda anapimwa damu kuangalia kama dozi ipo sawa. Jino likiuma haendi kung'oa kiholela, anasema kwanza kwamba ana valvu. Haya ni masharti na anayafuata, wala hayamnyimi raha.

Mwezi uliopita alisema anarudi kwake. Tukamsindikiza, yeye mbele, Doto nyuma yake, mimi mwisho na begi la nguo. Akapita jiwe la kwanza, lile alilokuwa anapumzikia zamani. Nikadhani atasimama, hakusimama. Akapita la pili. Pale alipoangukia na ndoo akapunguza mwendo, akapagusa kwa mkono, akaendelea.

Aliyeomba kupumzika ni mimi. Nilikaa kwenye jiwe nahema, begi mapajani, wale wawili wamesimama juu yangu wananicheka kwa sauti moja.

"Kaka, nenda ukapigwe echo," akasema Kulwa.

Nimekwenda. Moyo wangu ni mzima, tatizo ni kitambi.

Juzi sasa ndiyo imenifanya niandike uzi huu. Kuna harusi ya binti wa shangazi, wamekuja wote wawili kibandani na kitenge cha sare. Kwa mazoea nikavuta futi, nikamwita Doto, nikafungua daftari kwenye ukurasa wa MAPACHA.

Kulwa akaweka kiganja chake juu ya ukurasa.

"Hapana. Mimi nipime mimi."

Akasimama mbele yangu, akanyoosha mikono. Nikampima bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Nikiwa nazungusha futi kifuani nilisikia ile saa yake, tk, tk. Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika juu KULWA, nikaandika namba zake. Miaka ishirini nimemshonea huyu mtu, na hakuwahi kuwa na ukurasa wake.

Mafunzo siwezi kuyapamba. Ukienda hospitali, namba inayoandikwa kwenye faili lako isiwe ya kukisia, ya mdomo, ya mwaka juzi wala ya ndugu. Pale wanapoandika kilo, mtu mwingine huko mbele ataitumia kukukatia kitu ambacho hakifumuliki. Na ukishakosea, rudi useme, hata kama umeaibika, hata kama mama yako amekununia. Daktari anaweza kupima tundu, ila kuna mengine yapo kwenu tu nyumbani.

Nawaachia ukumbi. Mlio na valvu au mnaouguza mwenye valvu, tuambiane mnaishije na hiyo saa. Madaktari mliomo humu, nikosoeni nilipochapia, sitanuna. Na wale wa kusema fundi una kiherehere, semeni tu, nimeshasemwa na Bi mkubwa.

Ila mkija kushona Mirongo, aje mwenye mwili wake.